Bega lililoteguka: Namna ya kupona bila kupasuliwa

MGEMA anapoteleza kutoka mnazini, mkono ndio unaotangulia kunyooshwa ili kuukinga mwili. Ndivyo ilivyo pia kwa mwendeshaji wa bodaboda anayerushwa barabarani kati ya Malindi na Marereni, na kwa mvuvi anayepepesuka mashuani huku kamba ya nyavu ikiwa bado mkononi. Nguvu ya anguko hupanda kupitia kiganjani na kiwikoni hadi begani, na aghalabu bega ndilo linaloshindwa kuihimili.

Katika Kaunti ya Kilifi, kuanzia Mtwapa hadi ng'ambo ya mto Sabaki, kazi nyingi zinazolisha watu hutegemea bega. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, kotama ikiwa kiunoni. Mkwezi huangua nazi. Wavuvi wa Ngomeni, Mayungu na Takaungu huvuta nyavu na nanga kwa mikono. Vibarua wa machimbo hunyanyua matofali ya mawe, nao wenzao wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hushika sepetu kutwa nzima. Mtu wa namna hii akiumia bega, huuliza kwanza atarudi kazini lini. Swali la pili, ambalo huulizwa kwa hofu kubwa zaidi, ni iwapo itambidi apasuliwe.

Kuhusu swali hilo la pili, habari ni njema kuliko wengi wanavyodhani. Majeraha mengi ya bega hupona bila upasuaji. Tena, kinachomfikisha mgonjwa kwenye kisu mara nyingi si anguko lenyewe, bali ni majuma aliyokaa nyumbani bega likiwa nje ya mahali pake, au miezi aliyoufunga mkono bila kuufanyisha mazoezi.

Ili kuelewa sababu, ni vyema kulitazama bega lilivyoumbwa. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni cha mviringo, na kishimo kinachokipokea ni kifupi mno, mfano wa dafu lililowekwa juu ya kisahani cha kahawa. Kwa wakati wowote ni takriban robo hadi thuluthi tu ya kichwa hicho inayogusana na kishimo. Mpango huo ndio unaomwezesha binadamu kurusha jarife, kusuka nywele na kujikuna mgongo. Lakini kwa kuwa mifupa haishikani, kazi ya kulizuia bega lisichomoke imeachiwa ukingo wa gegedu, nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na misuli minne midogo inayoanzia kwenye kombe la mkono na kukizunguka kichwa cha mfupa kwa kano zake. Kwa hivyo bega ni kiungo kinachoshikwa na nyama kuliko mifupa, na nyama huimarishwa kwa mazoezi. Hiyo ndiyo siri ya kupona kwake.

Neno moja, majeraha mengi

Hapa lugha yetu inatuponza kidogo. Mtu akisema bega lake 'limeteguka', huenda ana maana kwamba misuli imevutika tu, au kwamba mfupa umetoka kabisa kwenye kishimo chake. Wengine hulitumia neno hilo hilo hata pale mtulinga unapovunjika. Hayo ni majeraha tofauti, na mtu anayeyatibu yote kwa kuchua atapatia katika moja na kuharibu katika jingine.

Bega lililochomoka huonekana. Mviringo wake hupotea, mahali pake pakabaki bapa au pembe kali, na mgonjwa huushikilia mkono wake kwa mkono wa pili asitake uguswe. Zaidi ya mara tisa kati ya kumi, mfupa hutokea upande wa mbele. Ukitokea upande wa nyuma, dalili huwa hafifu na hata picha ya eksirei iliyopigwa kwa upande mmoja pekee yaweza kumpotosha daktari. Aina hii hutokea hasa baada ya kupigwa na umeme au kushikwa na kifafa. Maradhi haya si mageni Kilifi. Kituo cha utafiti cha KEMRI mjini humo kimeyachunguza kwa miaka mingi. Ndugu wa mgonjwa wa kifafa ambaye baada ya kuzinduka hawezi kuugeuza mkono wake kuelekea nje wanapaswa kumweleza daktari habari zote mbili kwa pamoja, kwani ni rahisi bega hilo kusahauliwa.

Saa za kwanza

Mwenye bega lililoumia asile wala kunywa kitu mpaka aonwe na mhudumu wa afya, maana huenda akapewa dawa ya usingizi. Mkono ufungwe jinsi ulivyo, bila kunyooshwa. Leso moja iliyokunjwa pembetatu na kufungwa shingoni hutosha, na leso ya pili ikizungushwa kifuani huutuliza mkono zaidi safarini, hasa juu ya pikipiki. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa huweza kupunguza maumivu. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba.

Kinachofuata ni picha ya eksirei, na hapa ndipo penye mvutano wa miaka mingi kati ya hospitali na waganga wa viungo wa vijijini. Haifai kuwadharau waganga hao. Elimu ya kurudisha bega ni kongwe kuliko hospitali zote: katika kaburi la fundi Ipuy nchini Misri, la yapata miaka 1,200 kabla ya Kristo, mna mchoro wa mtu anayeshughulikiwa bega. Hippocrates wa Ugiriki alieleza namna ya kuuvuta mkono huku kisigino kikiwa kwapani mwa mgonjwa, naye Ibn Sina aliandika juu ya viungo vilivyoteguka katika kitabu chake cha tiba cha karne ya 11. Mzee wa kijijini anayevuta mkono hadi mfupa ukalia na kurudi anafanya jambo ambalo madaktari nao walikuwa wakilifanya.

Tofauti ni kwamba mzee huyo haoni ndani. Pamoja na kuchomoka, kichwa cha mfupa huweza kuwa kimevunjika, na kukivuta katika hali hiyo ni kuvitenganisha vipande. Kwapani hupita mshipa mkubwa wa damu na neva za mkono mzima. Kwa mtu mwenye umri mkubwa mshipa huo umekauka kiasi na huweza kupasuka kwa nguvu za kuvutwa. Daktari huanza kwa kupapasa mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, kisha huigusa ngozi ya upande wa nje wa bega, pale askari anaposhonewa nembo ya cheo. Pakiwa na ganzi, neva imeguswa, na jambo hilo linapaswa kuandikwa kabla ya bega kurudishwa na kupimwa tena baadaye.

Mbinu za hospitalini nazo zimekuwa za upole zaidi. Theodor Kocher wa Uswisi alichapisha mwaka 1870 njia ya kuuzungusha mkono hatua kwa hatua. Lewis Stimson wa New York naye, mwaka 1900, alieleza jinsi ya kumlaza mgonjwa kifudifudi kitandani, mkono ukining'inia kando na uzito umefungwa, hadi misuli ichoke na mfupa urudi wenyewe. Zipo pia njia ambazo mgonjwa huketi, akapumua polepole huku misuli yake ikikandwa, mfupa ukarudi bila kuvutwa kwa nguvu. Siri ya zote ni misuli kulegea. Bega likisharudi, eksirei hupigwa tena.

Hatari kubwa ni kuchelewa. Siku ya kwanza bega hurudi kwa urahisi. Baada ya majuma matatu hivi, makovu huwa yamejaa kishimoni na misuli imefupika, na kulirudisha kwa kuvuta huwa hatari au muhali. Hapo ndipo upasuaji, ambao haukuhitajika hapo awali, unapokuwa njia iliyosalia. Mgonjwa wa Marafa au Baricho anayekaa mwezi mzima akichuliwa kwa mafuta ya nazi, akitumaini kwamba uvimbe ukipungua bega litajirudi, anajipeleka mwenyewe kwenye kisu alichokuwa akikikimbia.

Leso ifunguliwe lini?

Bega likiwa limerudi, wengi hudhani kazi imekwisha. Wapo wanaoutupa mkono kazini siku ya tatu, na wapo wanaoufunga miezi miwili kwa woga. Wote wawili hukosea, ingawa kwa maoni ya mwandishi huyu kosa la pili ndilo hupuuzwa zaidi, kwa sababu linafanana na uangalifu.

Kwa bega lililochomoka mara ya kwanza, mkono hufungwa kwa juma moja hadi matatu. Kuuzidishia muda hakusaidii. Madaktari wa Uswidi wakiongozwa na Lennart Hovelius waliwafuatilia wagonjwa wa umri wa miaka 12 hadi 40 kwa miaka 25, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kuufunga mkono majuma kadhaa hakukupunguza uwezekano wa bega kuchomoka tena. Kilichoamua hasa ni umri. Lakini hata miongoni mwa vijana wa miaka 12 hadi 25, takriban nusu ya mabega yaliyotibiwa bila upasuaji ama hayakuchomoka tena au yalitulia yenyewe kadiri miaka ilivyopita. Kwa mtu aliyepita miaka 40, hofu si kuchomoka tena bali ni bega kuganda au kano kuchanika, kwa hiyo huyu ndiye anayepaswa kuifungua leso mapema zaidi.

Mtulinga uliovunjika bila vipande kuachana sana huhitaji majuma sita hadi 12 kuunga kwa mtu mzima, mkono ukiwa umeegemezwa katika majuma ya mwanzo. Hata mfupa wa mkono wa juu uliovunjika karibu na bega haudai upasuaji kila mara. Utafiti wa Uingereza uliowahusisha wagonjwa 250 na kuchapishwa mwaka 2015 haukuona tofauti, baada ya miaka miwili, kati ya waliopasuliwa na waliofungwa mkono tu. Katika majeraha yote haya, vidole, kifundo na kiwiko vinapaswa kuchezeshwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu havikuumia na havina haja ya kuadhibiwa pamoja na bega.

Kisha huja mazoezi, ambayo ndiyo tiba yenyewe. La kwanza hunasibishwa na Ernest Codman, daktari wa Boston, Marekani, aliyechapisha kitabu mashuhuri juu ya bega mwaka 1934. Mgonjwa huinama akijiegemeza mezani kwa mkono mzima, mkono mgonjwa ukaachwa uning'inie kama ndoo kisimani. Kisha huuyumbisha mwili taratibu ili mkono ufuate, mbele na nyuma, kushoto na kulia, halafu kwa miduara midogo. Misuli ya bega isifanye kazi. Uzito wa mkono ndio unaoukunjua mfuko wa kiungo. Dakika chache mara tatu au nne kwa siku zinatosha.

Maumivu yakipungua, mgonjwa husimama mbele ya ukuta na kuvitembeza vidole kupanda juu kama buibui, akiweka alama ya makaa pale alipofikia ili kesho aipite. Hulala chali akishika fimbo kwa mikono miwili, mkono mzima ukausukuma ule mgonjwa. Kamba iliyopitishwa juu ya tawi la mwembe, kila ncha ikishikwa kwa mkono mmoja, hufanya kazi sawa na kapi ya hospitalini. Katika majuma haya, aliyechomoka bega kwa mbele aepuke mkao mmoja: mkono kuinuliwa pembeni na kugeuzwa nyuma, kama wa mtu anayetaka kurusha jiwe. Ndio mkao uliolitoa bega, nao ndio utakaolitoa tena.

Kuanzia juma la sita hivi, nguvu huanza kujengwa. Utepe uliokatwa kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli na kufungwa kwenye nguzo ya mlango hutosha. Kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, mgonjwa huuvuta utepe kuelekea tumboni, kisha akageuka na kuuvuta kuelekea nje. Mazoezi haya mawili huilenga ile misuli minne midogo. Yanachosha kwa jinsi yanavyokosa mvuto, na ndiyo maana wengi huyaacha. Yapo mazoezi pia ya kuyavuta makombe nyuma na kujisukuma kutoka ukutani, ambayo huendelea hadi mwezi wa tatu au wa nne. Kanuni ya maumivu ni nyepesi: yakitulia muda mfupi baada ya zoezi, endelea, yakidumu hadi usiku na kuharibu usingizi, zoezi lilikuwa zito, lipunguzwe kesho.

Je, ni lazima kuyafanya mbele ya mtaalamu? Kwa mtu wa Marereni, ambaye nauli ya kufika Malindi kila juma ni mzigo, swali hili lina uzito. Hospitali ya Rufaa ya Kilifi na ile ya Malindi zina idara za tiba ya viungo, na taaluma hii inasimamiwa na baraza lake lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza ulioitwa ARTISAN, uliochapishwa mwaka 2024, ulileta jibu la kufariji. Watu wazima 482 waliochomoka bega mara ya kwanza waligawanywa: baadhi walipewa kikao kimoja cha ushauri pamoja na maelezo ya kujifanyia mazoezi, na wengine wakaongezewa vikao vya tiba ya viungo. Baada ya miezi sita, hapakuwa na tofauti ya maana baina yao. Tusilitafsiri jambo hili vibaya. Wale wa kundi la kwanza walielekezwa vyema, na walikuwa na ruhusa ya kurudi wakipata shida. Lakini ina maana kwamba mgonjwa anayefika hospitalini mara moja, akaelewa anachopaswa kufanya na akakifanya kila siku chini ya mwembe wake, hakupunjwa.

Wasiokumbuka kuanguka

Si kila bega linaloumia lina siku ya ajali. Mwanamke aliyekuna nazi kwenye mbuzi kwa miaka 30, au mvuvi mzee, huanza kuhisi maumivu anapoinua mkono, hasa usiku akiulalia. Mara nyingi kano zimechakaa au zimechanika. Hata hapa, mazoezi ndiyo hutangulia. Nchini Marekani, wagonjwa 452 ambao kano zao zilichanika kabisa pasipo ajali walipewa mpango wa mazoezi, na kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2013, takriban robo tatu yao walikuwa hawajahitaji upasuaji baada ya miaka miwili. Nao upasuaji wa kuikwangua mifupa ili kuipa kano nafasi, uliokuwa umeenea duniani, ulilinganishwa Uingereza na upasuaji wa kuigiza. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba aliyekwanguliwa mfupa hakumzidi aliyefanyiwa upasuaji huo wa kuigiza.

Bega kuganda ni jambo jingine. Codman ndiye aliyelipa ugonjwa huu jina hilo. Mfuko wa kiungo hukakamaa, mkono ukakataa kuinuka hata ukiinuliwa na mtu mwingine. Mwanamke hushindwa kufunga leso nyuma. Mswalihina hushindwa kuifikisha mikono masikioni anapoleta takbira. Wenye kisukari hushikwa zaidi kuliko wengine, kiasi kwamba mtu aliyegandwa na bega bila sababu inafaa apimwe sukari. Ugonjwa huu hudumu mwaka mmoja hadi mitatu, na wengi hupata nafuu kubwa, ijapokuwa si wote wanaorudi walivyokuwa. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo husaidia hasa miezi ya mwanzo, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na mgonjwa amjulishe daktari hali yake mapema.

Kuhusu dawa za maumivu, parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Ibuprofen na diclofenac hufanya kazi vizuri kwa siku chache, lakini zikinunuliwa dukani na kumezwa kwa miezi huumiza tumbo na figo, na hupandisha shinikizo la damu.

Wapo ambao kisu hakiepukiki, au angalau kinapaswa kujadiliwa nao mapema: kijana ambaye bega lake huchomoka mara kwa mara, mtu ambaye kipande kikubwa cha kishimo kimevunjika, mwenye mfupa uliotoboa ngozi, na yule aliyeanguka, kano zikachanika ghafla, akashindwa kabisa kuinua mkono ingawa bega limerudi. Huyu wa mwisho asingoje. Majuma mawili hadi matatu yakipita bila nguvu kurejea, aombe kupigwa altrasaundi, maana kano iliyochanika kwa ajali hushonwa kwa mafanikio zaidi katika miezi ya mwanzo.

Kazi nyepesi huweza kuanza baada ya majuma sita. Kuvuta nyavu, kupiga jembe na kubeba magunia kunahitaji miezi mitatu au minne. Kupanda mnazi kuwe mwisho wa yote, na kabla ya hapo mgonjwa awe anaweza kuinua mikono yote miwili juu ya kichwa kwa usawa na kuubeba uzito wa mwili wake bila bega kutetema. Mgema anayekodi minazi atalipinga shauri hili, kwa kuwa mti usiogemwa hukauka karara na mwenye minazi hutafuta mtu mwingine. Baadhi ya wagema humwachia ndugu au mwenzao miti hiyo kwa makubaliano ya kugawana mapato, mpango ambao umewaokoa wengi kuliko dawa yoyote.

Aliyeajiriwa ana haki nyingine. Sheria ya mwaka 2007 kuhusu fidia ya majeraha ya kazini inamtaka mwajiri agharamie matibabu na fidia ya mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, na madai yawasilishwe katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali. Hili ni tofauti na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kibarua wa machimbo au wa shamba la chumvi ahakikishe ajali imeandikwa kazini siku hiyo hiyo, na aihifadhi picha yake ya kwanza ya eksirei pamoja na stakabadhi zote za hospitali.